Jogoo wa Hamida

Jumamosi hiyo Navalayo aliamka kabla ya kuitwa, jambo ambalo mamake hakuwa amewahi kuliona tangu amzae. Alifagia ua, akateka maji, akaosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi, kisha akaviosha tena. Moyo ulikuwa umemjaa furaha. Hamida, aliyeketi naye dawati moja shuleni, alikuwa anakuja kwao Shirere kula chakula cha mchana pamoja na mamake, Bi Ashura!

Haikuwa ziara ya hivi hivi. Hamida alilelewa Mumias katika nyumba ya Kiislamu kabla ya familia yao kuhamia mjini Kakamega, na mamake hakuwa amewahi kumruhusu kula kwa rafiki yeyote. "Mama akiridhika leo," Hamida alikuwa amemnong'oneza darasani, "nitakuwa nikija kwenu kila Jumamosi!"

Saa tatu mamake Navalayo, Roda, alimkabidhi jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Mpeleke kwa Mzee Mustafa amchinje," alisema. "Na usikawie. Saa saba wageni wako hapa."

Ndivyo zifanyavyo familia nyingi za Kikristo za huko zikitarajia mgeni Mwislamu. Kuku huchinjwa na Mwislamu anayelitaja jina la Mungu, ndipo wote hula meza moja bila wasiwasi.

Navalayo alitoka mbio, jogoo kwapani. Lo! Alikuta mlango wa Mzee Mustafa umefungwa. Jirani alimwambia kwamba mzee alikuwa amekwenda mazishini, angerudi alasiri. Navalayo angeweza kurudi kumwambia mamake, lakini mgeni kuja kwa mara ya kwanza akakosa ingokho, kuku wa mgeni? Nani amesikia kuku akikosekana mbele ya mgeni katika nyumba ya Waluhya? Hamida asingekuja tena, alijiambia.

Karibu na nyumbani alikutana na Chrispinus, mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba jirani yao.

"Lete hapa, mdogo wangu," Chrispinus alisema alipoelezwa. "Mimi nachinjanga kila Krismasi. Kuku ni kuku tu. Nani atajua?"

Kufumba na kufumbua, nyuma ya chumba cha Chrispinus, kazi ilikwisha.

"Mzee Mustafa hajambo?" Roda aliuliza Navalayo aliporudi.

"Hajambo, mama," Navalayo alijibu huku akiangalia kando.

Muda si muda harufu ya kuku ilijaa ua mzima, na furaha ikamrudia msichana huyo kana kwamba hakuna lililotokea. Wageni walipobisha hodi, aliruka nusura aangushe kiti.

"Salaam aleikum!" Bi Ashura aliita mlangoni.

"Karibuni, Mama Hamida! Karibuni sana!" Roda aliitikia.

Hamida na Navalayo walikumbatiana na kupiga kelele mpaka wakaambiwa watulie. Chakula kiliandaliwa: obusuma, yaani ugali, uliokuwa ukitoa mvuke, mboga ya mrenda, na bakuli kubwa la kuku. Hamida aliketi mbele ya bakuli hilo, macho yakimng'aa.

"Navalayo, tuombee," Roda alisema.

Katika nyumba hiyo, mtoto mdogo kuliko wote ndiye aliyeombea chakula. Navalayo alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu akiwa na miaka mitatu, na maneno yenyewe aliyajua kama jina lake. Alifumba macho.

"Asante, Mungu, kwa chakula hiki..."

Hapo alikwama. Alisikia Hamida akisema taratibu kando yake, "Bismillahi." Kumdanganya mamake kulikuwa rahisi. Lakini Mungu, ambaye yeye alifundishwa kuzungumza naye tangu utotoni, alikuwepo nyuma ya chumba cha Chrispinus, na aliona kila kitu.

"Hamida, usile!" alipaza sauti.

Mkono wa Hamida uliganda juu ya bakuli. Machozi yakimtiririka, Navalayo alieleza yote, kuanzia mlango uliofungwa hadi kisu cha Chrispinus.

"Navalayo!" Roda alisema kwa uchungu. "Umeniaibisha mbele ya wageni. Ungerudi ukaniambia. Tungekula mboga, na hakuna ambaye angekufa!"

"Nisamehe, mama. Nisamehe, Hamida. Niliogopa hutakuja tena."

Navalayo aliona urafiki wake na Hamida umefika mwisho.

"Kama ungenyamaza, nani angejua?" Bi Ashura aliuliza.

"Hakuna. Lakini sala ilikataa kutoka."

Bi Ashura alimgeukia Roda. "Mama Navalayo, una mayai?"

"Yako, tena mengi!"

"Basi tukaange mayai. Obusuma mzuri hivi usipoe bure."

Wasichana walikimbilia jikoni wakisukumana. Sufuria safi ikabandikwa, vitunguu vikakatwa, na muda mfupi baadaye wote wanne walikuwa wakila mayai na mrenda kwa vicheko. Bakuli la kuku lilibaki limefunikwa kando.

Waliponawa mikono, Bi Ashura alimwita Navalayo karibu.

"Hamida husema Bismillahi kwa sababu alinisikia mimi nikisema, kabla hajajua kusoma," alisema. "Wewe nawe hukujifundisha kuona haya kumwambia Mungu uongo. Ulilelewa hivyo na mama yako. Mtoto huibeba dini ya nyumbani kwao, lakini huonekana ameibeba kweli pale anapoweza kudanganya, asidanganye. Leo uliteleza, mwanangu, kisha ukasimama mwenyewe."

Alimgeukia Roda. "Nilikuja leo kuona kama mwanangu anaweza kula hapa mimi nikiwepo. Jumamosi ijayo atakuja peke yake."