Meza Inayolia Saa Tisa

"Karibu, shemeji. Mwenzio aliniambia utakuja peke yako."

Hayo ndiyo maneno niliyopokelewa nayo niliposhuka kwenye basi, katika mji wa jangwani ambao mume wangu aliniapia hajawahi kuukanyaga.

Mume wangu ana miezi minane kaburini.

"Alikuambia lini?" nikamuuliza mwenye nyumba.

"Alipokuwa hapa mwaka jana. Wiki tatu nzima." Akachukua begi langu. "Kwani hakukuambia?"

Ndugu zangu mnaosoma, nikalifuata begi langu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule miaka thelathini na moja. Marehemu alikuwa seremala. Kwenye ukuta wa karakana yake alibandika picha ya mji huu aliyoichana kwenye kalenda... kuta nyeupe, mchanga, mbingu isiyo na wingu.

Alikuwa akisema, "Tukistaafu tunahamia huku. Tutakauka pamoja kama mbao nzuri."

Baada ya msiba nilikuta namba ya nyumba ya kupanga kwenye daftari lake. Nikapiga, nikaomba wiki mbili za mapumziko, nione kama uzee wangu unaweza kukaa hapa bila yeye. Niliyempata ni mzee huyu mwenye nyumba, dereva wa malori aliyestaafu.

Hizo wiki tatu za mwaka jana nazikumbuka. Aliniaga kwamba ana kazi ya milango ya shule ya bweni.

Mzee akafungua nyumba.

Meza ndefu chini ya dirisha. Kabati. Rafu. Kiti. Mkono wa mume wangu niliutambua kabla sijavua viatu.

Na kila kitu kilikuwa chini. Rafu chini, vigingi vya nguo chini, kioo chini. Nyumba hii ilitengenezewa mwanamke.

Nikampigia mdogo wangu.

"Shemeji yako alikuwa na mtu huku. Amemtengenezea nyumba, mpaka kioo."

"Shemeji? Yule aliyekuwa anasinzia kwenye taarifa ya habari?"

"Yule yule."

"Makubwa. Na huyo mchepuko yukoje?"

"Mfupi."

"Mfupi kama nani?"

Nikakata simu. Sikuwa na hamu ya utani.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, nimejilaza, nikasikia.

Ta. Ta... ta-ta.

Nikainuka. Chumba kizima sikuona mtu, na nje jua lilikuwa limefagia watu wote barabarani.

Mlioishi na fundi mtanielewa. Marehemu akimaliza kazi yoyote, aliigonga kwa kifundo cha kidole. Moja, moja, kisha mbili za haraka. Ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Siku ya tatu, saa ile ile, tena. Sauti ilitoka kwenye meza.

Siku ya nne niliisubiri. Nilikaa mbele ya hiyo meza, mikono mapajani, kama niliyeitwa kituo cha polisi.

"Kama ni wewe," nikasema, "nitajie jina lake."

Ta.

Nikakumbuka kitu. Marehemu kila alichotengeneza alikiandika kwa chini, kwa penseli, jina la mteja na kipimo. *Mwalimu mkuu, kabati, futi sita.* Hakuwahi kuacha, hata kwa kigoda.

Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza. Jina lazima liwepo.

Lilikuwepo.

*Pini. Meza ya kukatia. Kiwiko inchi 36.*

Pini ni mimi.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniita hivyo. Kwa ajili ya kazi yangu, na kwa ajili ya kimo changu.

Mtaniuliza, mwanamke gani hajui urefu wake mwenyewe? Basi niwaambie. Nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa kwa kimo chake. Rafu za jikoni nilizifikia kwa kupanda kreti ya soda, miaka yote ya ndoa. Nikilalamika ananiambia, "Wiki ijayo, Pini." Wateja hawaishi, na nyumba ya seremala ndiyo ya mwisho kutengenezwa. Sikuwahi kuwa na kitu cha kimo changu. Nilipokiona nikajua ni cha mwingine.

Nikakipindua kiti.

*Pini. Kiti kimoja.*

Nikapita vyumba vyote natafuta cha pili. Hakikuwepo.

Nikaenda kwa mzee. Alikuwa anakunywa chai kwenye ngazi zake.

"Alijua?"

Hakujifanya hajaelewa. "Alijua. Hospitali walishamwambia kabla hajaja."

"Mimi aliniambia kikohozi ni vumbi la mbao."

"Nilimsihi akuambie, shemeji. Akasema, nikimwambia ataacha kushona aanze kunitazama."

"Wewe akakupa ukweli. Mimi akanipa meza."

Mzee akasogea, akanipa nafasi ngazini.

"Na ile sauti?" nikauliza.

"Mbao alizileta kutoka kwenu, kwenye lori langu. Nilimwambia huku ni kukavu, zitasinyaa, jua likizidi zitalia. Akasema anajua." Akaweka kikombe chini. "Akasema zitalia mwaka, labda miwili, kisha zitazoea hewa zinyamaze. Zikinyamaza, Pini naye atakuwa amezoea."

Nililia pale pale kwenye ngazi, kwa upendo na kwa hasira. Sikuweza kuvitenganisha, na mpaka leo siwezi. Angeniambia, ningekuwa na mwaka mzima wa kumuuguza nikijua ninachouguza. Badala yake nilimgombeza kwa kukohoa usingizini.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, kama daktari amekuambia jambo, mwambie unayelala naye. Usimhurumie kwa kumficha. Meza nzuri haijui kuaga.

Wiki mbili zile zimekuwa miezi mitano. Nimehamia. Nashona hapa hapa dirishani, mgongo hauniumi.

Wiki iliyopita meza ilinyamaza.

Siku ya kwanza nikasema imechelewa. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, kimya.

Siku ya nne asubuhi nikaloweka kitambaa, nikazifuta mbao zote, juu na chini, mpaka zikawa nyeusi kwa maji. Penye penseli tu sikugusa.

Mzee akapita dirishani, akasimama.

"Shemeji, maji yataiharibu hiyo meza."

"Najua."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nikakaa kwenye kiti changu kimoja, nikasubiri jua lizikaushe upya.

Ta. Ta... ta-ta.