Kichupa cha Wifi

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo aliloshona halikufumuka mpaka nguo ichakae. Alitunga uzi kwenye sindano huku anacheka, huku anamfokea mumewe aondoe miguu juu ya kitambaa.

Asubuhi moja aliamka jicho la kulia limeshikana kwa matongo ya njano. Aliliosha kwa maji ya uvuguvugu. Likafunguka, jekundu.

"Nenda zahanati," mumewe alisema.

"Nina sare kumi na mbili za kumaliza. Nitashona kwa jicho moja."

Wifi yake, aliyekaa mlango wa pili, akaja na kichupa cha matone ya macho.

"Hii iliniponya mimi mwaka jana. Tia, wifi yangu. Kesho utaona hata mambo ya majirani."

Mama Pindo alikibonyeza kichupa. Dawa haikutoka. Tundu lilikuwa limeziba kwa ukoko mweupe. Lakini fundi hashindwi na tundu! Alichomoa sindano kwenye blauzi yake, akalichokoa, akalipanua. Kisha, ili tone lisipotee, akaugusisha mdomo wa kichupa kwenye jicho.

Alitia hivyo siku mbili, kila alipokumbuka. Siku ya tatu jicho lilimuuma kwa ndani. Mwanga wa dirishani ulimchoma. Akafunika jicho zima kwa kiganja, akatazama kwa lile bovu. Cherehani yake ilikuwa ukungu mtupu.

Fundi asiyeona ni fundi gani? Hakumwambia mtu. Aliendelea kushona, akaubandika mkono wa kushoto wa sare upande wa kulia.

Mchana huo muuguzi wa zahanati alipita kuchukua gauni lake la kazi. Alimkuta amefumba jicho, machozi yanamtiririka. Wifi mtu alikuwa pembeni, anakata nyuzi.

"Mama Pindo, jicho lina nini? Unatia dawa gani?"

Akaonyeshwa kichupa. Muuguzi alikigeuza, akasoma karatasi yake.

"Kilifunguliwa lini?"

"Mwaka jana," wifi akajibu. "Lakini nilikitunza vizuri. Hakijaanguka hata siku moja."

"Kuanguka si neno, dada. Matone mengi ya aina hii, yakishafunguliwa, hutupwa baada ya wiki nne. Na hili tundu, mbona pana?"

"Nililichokoa kwa sindano," Mama Pindo alisema kwa sauti ndogo.

Muuguzi akakiweka kichupa mbali naye.

"Sindano huingiza vijidudu ndani ya dawa," alisema. "Na kama mdomo wa kichupa uligusa jicho la wifi yako, kisha lako, umehamisha vijidudu. Sasa niambie kweli. Linauma? Unaona vizuri?"

"Linauma sana. Naona ukungu. Nitapofuka?"

"Sijui, na sitakudanganya. Maumivu, mwanga kuchoma na kuona ukungu ni dalili za hatari. Twende hospitali sasa hivi."

"Na sare?"

"Sare zitakusubiri. Jicho halisubiri."

Hospitalini, alikofika na mumewe na muuguzi, daktari alilimulika jicho kwa taa. Alilichunguza muda mrefu mno. Mama Pindo aliushika mkono wa mumewe mpaka vidole vikamuuma.

"Kuna kidonda kidogo kwenye kioo cha mbele cha jicho," daktari alisema. "Mmewahi. Je, kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Una mimba?"

Alipojibu hapana, akapewa kichupa kipya na maelekezo: kila saa kwa siku mbili za mwanzo, arudi aonekane, kisha mara nne kwa siku mpaka siku ya kumi na nne.

Muuguzi akamfundisha. "Nawa mikono kwa sabuni. Inua uso. Vuta kope ya chini mpaka ifanye mfuko."

"Mfuko naujua."

"Basi tia tone moja humo mfukoni. Moja tu. Mdomo wa kichupa usiguse jicho, kope wala kidole. Fumba jicho polepole, bonyeza kona ya karibu na pua kwa dakika moja. Funga kichupa. Ukiona ukungu baada ya kutia, usiguse cherehani mpaka uishe."

Mumewe alishika saa, akamwita kila saa ilipotimia. Siku ya sita jicho lilikuwa jeupe, halimuumi.

"Nimepona. Naacha," Mama Pindo alisema.

"Daktari alisema siku ngapi?" mumewe akauliza.

"Kumi na nne."

"Basi usiache pindo katikati, fundi."

Mama Pindo alicheka, akaenda kunawa mikono. Mara wifi akaingia, anajifikicha macho.

"Yananiwasha. Nitilie tone moja tu la hicho chako."

Mama Pindo alikifumbata kichupa. "Hiki ni changu peke yangu."

"Mchoyo wewe!"

"Naam, mchoyo. Huenda yako si ugonjwa wa vijidudu, na dawa hii isikusaidie kitu. Vaa viatu, nakupeleka zahanati."

Wakaenda. Wifi aliambiwa ni vumbi la vitambaa, akapewa dawa nyingine kabisa.

Siku ya kumi na nne daktari alilimulika tena lile jicho. Kidonda kilikuwa kimefunga. Kichupa kilichobaki na dawa kidogo Mama Pindo alikirudisha zahanati kitupwe.

Nyumbani aliketi kwenye cherehani. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja. Mumewe na wifi wakasogea karibu. Akamwambia wifi ashike sindano. Akausogeza uzi. Ukakosa tundu. Wifi aliuma mdomo. Akausogeza tena.

Uzi ukapita.

Wifi alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mama Pindo alifuta machozi kwa kitambaa safi. Kisha akaivuta ile sare, akaufumua mkono uliokosewa, na kuushona upande wake.