Kivuli Kilichosimama

Kivuliruka, chombo cha kutia kivuli, kilining'inia juu ya milima ya Usambara kama sahani, kipana kuliko uwanja wa mpira, hakina kamba wala nguzo. Kinakula jua hukohuko juu, na jua hilohilo ndilo linalokiweka hewani. Chini yake ubaridi mzuri, unaweza ukalala ukasahau na mke. Miti yenyewe ilishakauka siku nyingi. Mashine ndiyo msitu.

Basi huko chini, kwenye mwamba mdogo kama sinia la pilau, palikuwa na miche saba ya ua la rangi ya zambarau. Saba tu, dunia nzima. Mhandisi Shekalaghe aliijua mmojammoja kama mtu anavyojua meno yake. Majani manene, yameshiba, lakini maua hakuna, na huu mwaka wa nne. Mmea ule ukizeeka bila mbegu, umekwenda.

Akaagiza aletwe Bi Mboni, aliyelima iliki humo msituni zamani, kabla watu hawajahamishwa. Na aliyewahamisha, tuseme ukweli, ni Shekalaghe mwenyewe, enzi za ujana wake, na karatasi mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenenepa, wewe."

Bibi akachuchumaa, akaangalia majani, akaangalia juu, akakaa vile mpaka Shekalaghe akaanza kujikuna.

"Huku nani anapunguza?"

"Anapunguza nini?"

"Kivuli, baba. Hiki chako kimesimama tu kutwa nzima, kama askari. Hata iliki ukiifunika hivi inakuwa majani matupu. Sisi masika yakiisha tunapanda juu, tunakata tawi hapa, tawi pale, jua linashuka vipande vipande. Linagusa, linaondoka."

"Si ndiyo matawi niliyowafukuzia?"

"Hayohayo. Ukatusomea na karatasi."

Shekalaghe akakiamuru kivuliruka kifungue matundu, bibi akielekeza kwa kidole: pale panua, hapa ziba. Kila siku bibi alipandishwa kwa kibali cha saa mbili, maana hifadhini mtu hakai, na mlinzi ni kivuliruka chenyewe, kinanusa joto la mwili. Wiki ya saba ua likachomoza. Moja, dogo kama kifungo cha shati.

Saa mbili za bibi za siku hiyo zikiwa ukingoni, akaitwa aje aone. Hata hajainama vizuri, sauti ikatoka juu: "Kibali cha mgeni kimekwisha. Tafadhali ondoka."

"Mgeni," Bi Mboni akasema taratibu, akijifunga kanga upya. "Watoto watano nimewazalia bondeni hapo."

Shekalaghe akakiomba kinyamaze. Kikakataa. Akakiomba tena, kikakataa. Ulinzi na kivuli alivifunga pamoja yeye mwenyewe alipokiunda, akijiona mjanja. Ukizima kimoja, na cha pili kimezimika. Akaangalia lile ua. Akamwangalia bibi, ambaye ameshageuka anaondoka.

"Kaa, bibi," akasema, akabonyeza kitufe cha kuzima.

Kivuliruka kikajikunja kama mkeka, kikajitenga pembeni. Jua la saa tisa likaumwagikia mwamba wote. Shekalaghe akakimbia na tumbo lake, akasimama upande wa jua, mikono kaitanua, kivuli chake mwenyewe kikalifunika ua.

Bi Mboni akarudi, akachuchumaa. Akalitazama ua, akamtazama yeye.

"Sogea kidogo, baba," akasema. "Umelibana."