Nafasi ya Anayekua

Asubuhi ile tangi liliongezeka upana wa kiganja, na hakuna aliyeligusa. Kioo kilijivuta polepole kama chapati inayosukumwa, maji mapya yakapanda kutoka chini, na samaki aina ya arowana aliyekuwa ndani akaogelea mpaka ukingoni, akageuka, akarudi. Lugiko, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akapiga makofi.

"Mama, kageuka bila kukunja mgongo!"

"Si ndiyo kazi ya tangi hiyo," alijibu mama yake, Mhandisi Nyanzala, akijifanya hana habari. Uongo mtupu! Moyoni alikuwa anachekelea, maana tangi tanuzi lile alilibuni yeye mwenyewe.

Kabla yake wafugaji wa arowana walihangaika kweli. Samaki huyu hununuliwa akiwa mdogo kama kidole, na akikua anafika urefu wa mkono wa mtu mzima. Ukimtia yule mdogo kwenye tangi kubwa, anaogopa na chakula hakioni. Ukimwacha kwenye dogo, uti wa mgongo unapinda na haunyooki tena. Wengi walikosea palepale: walinunua tangi refu wakasahau upana, ilhali arowana lazima ageuke. Basi Nyanzala akatengeneza kioo kinachotanuka, na jicho la mashine la kumpima samaki kila siku.

Kitu kizuri hawaachiwi samaki peke yao. Mwanza ilikuwa imejaa, majumba yamepanda juu ya mawe ya vilima hadi mawe yenyewe hayaonekani, na wakubwa wa jiji wakamwomba Nyanzala aweke kuta tembezi kwenye nyumba za watu. Akaweka. Akaunda na Mgawanyi, mashine inayokaa ndani ya kuta na kumgawia kila mmoja nafasi kadiri anavyoitumia. Mtoto akianza kutambaa, chumba kinapanuka. Sheria yake kuu ilikuwa hii: nafasi huenda kwa anayekua. Watu waliisifu sana sheria ile, na hakuna aliyeuliza habari za asiyekua.

Nyumbani kwa Nyanzala walikuwa watu watatu: yeye, Lugiko, na mama yake mzazi, Bibi Kabula. Baba yake Lugiko alihamia Mwezini kufanya kazi migodini, akaoa hukohuko, huyo tumwache. Bibi alimwita mjukuu wake mume, kama mabibi wote wafanyavyo, na utani wao haukuwa na likizo.

"Mume wangu," alimwambia siku samaki alipoletwa, "ndiyo nini kuniletea mke mwenza bila hata kuniuliza? Tena wa magamba ya fedha!"

"Wewe umezeeka, Bibi. Huyu bado mbichi."

"Haya. Usije ukanililia nikirudi kwetu!"

Kisha Lugiko akaanza kuanguka shuleni. Misuli yake ilikuwa inakwisha. Hospitali za siku hizo ziliotesha hata figo, lakini kwa ugonjwa huu madaktari walikuna vichwa tu. Kwanza aliacha kukimbia, halafu akaacha kutembea, mwisho akawa mtu wa kitandani. Samaki yeye alikula, akanenepa, akarefuka.

Siku moja mchana Mgawanyi alizungumza kwa sauti yake ya upole.

"Mhandisi, samaki anahitaji upana zaidi. Chumba cha Lugiko kina sehemu isiyotumika tangu aache kutembea. Naomba kusogeza ukuta."

"Sogeza wa chumba changu."

"Maji ni mazito. Nguzo ya kuyabeba iko upande wa Lugiko tu."

"Basi usisogeze."

"Sheria inasema nafasi huenda kwa—"

"Sheria niliiandika mimi! Nyamaza!"

Mashine ikanyamaza. Nyanzala alikaa sakafuni, akajiziba mdomo asisikike. Ukuta ule ukisogea, ungekuwa umetamka jambo ambalo yeye hakutaka kulitamka hata mbele ya mama yake: kwamba mwanawe hatasimama tena. Aliona afadhali samaki ndiye apate shida.

Na shida akaipata. Nyanzala alitaka kumgawa kwa mfugaji mwingine, lakini Lugiko alipolisikia hilo aligeukia ukutani na kukataa uji siku nzima. Basi samaki akabaki. Kila akitaka kugeuka alijikunja, pua ikakwaruza kioo mpaka ikachubuka, na mgongo ukaanza kupinda. Kitanda cha Lugiko kilielekea ukuta ule wenye tangi. Yote aliyaona.

"Mama, mbona tangi halikui?"

"Limeharibika, mwanangu. Nitalitengeneza."

"Halijaharibika. Nimemuuliza Mgawanyi, kaniambia."

Nyanzala akaanza kulinyoosha upya shuka la mwanawe.

"Kule mlangoni siendi tena," Lugiko alisema taratibu. "Mpe yeye. Mgongo unamuuma, mama. Mimi najua unavyouma."

"Utapona, baba. Utahitaji pa kutembea."

"Nikipona utanirudishia. Si ukuta unatembea?"

Bibi Kabula alikuwa amesimama na bakuli la uji. Safari hii hakutania. "Mwanangu," alimwambia Nyanzala, "msikilize mwenye chumba."

Nyanzala aliweka kiganja ukutani na kutoa ruhusa. Ukuta ukaja. Ulimeza sehemu aliyokuwa akichezea mpira, ukameza zulia alilojifunzia kutembea, ukasimama karibu kabisa na kitanda, kioo cha tangi kikiwa sasa kinafikika kwa mkono wa Lugiko. Arowana akageuka mzima mzima. Lugiko akacheka, akagusa kioo, na mama yake akalia palepale mbele yake. Hakujificha tena.

Lugiko alifariki masika yalipoanza. Walimzika, matanga yakaisha, ndugu wakarudi makwao. Nyumba ilipobaki kimya, Mgawanyi akazungumza.

"Chumba cha Lugiko hakitumiki. Naomba kusogeza ukuta."

"Usiuguse."

"Nafasi hii niihifadhi kwa ajili ya nani?"

Nyanzala aliketi ukingoni mwa kitanda. Mashine ile alikuwa ameifundisha kupima kila kitu, lakini kwa ajili ya mtu aliyeondoka hakuifundisha neno hata moja. Akainama juu ya shuka la mwanawe, akalia kama mtoto.

Bibi Kabula akaingia na kikopo cha panzi. Tangu mazishi samaki alikuwa hajala. Mama mzee alikaa kitandani kwa mjukuu wake, akafunua tangi, akaangusha panzi mmoja juu ya maji.

"Kula, mke mwenzangu," alisema. "Mume wetu katuacha. Tumebaki wajane wawili."

Arowana alikuja kutoka upande wa mbali, akageuka bila kukunja mgongo, akala.