Sharti la Miguu Safi

King'ora cha kiwanda kilipolia asubuhi, baba yake Elmina alibeba kikapu chake kwenda kuchuma chai, naye Elmina akashika njia ya shule. Ilikuwa mwaka wa 1934. Viatu vilikuwa vya karani na mwalimu. Watoto wa kambi ya wachuma chai walikanyaga umande na vumbi kwa nyayo zao wenyewe.

Muhula huo wanafunzi wa darasa la juu walitakiwa kuchagua. Kusoma, kuandika na hesabu vilikuwa vya lazima, lakini kila mmoja angejiunga pia na idara moja: Useremala, Kilimo, Ukarani, Ushonaji au Uuguzi. Wavulana wengi walikimbilia Ukarani, kwa sababu karani hanyeshewi. Elmina alitaka Uuguzi tu. Mdogo wake alikuwa amekufa kwa homa mwaka uliopita, na pale kambini hakupatikana mtu aliyejua la kufanya. Jambo hilo lilimuuma bado.

Mwalimu Jerusa, mkuu wa Idara ya Uuguzi, alitoa sharti moja.

"Mtakuwa mkikagua miguu ya wadogo," alisema. "Kwa hiyo mwenye funza asije kwangu."

Elmina alirudisha mguu mmoja nyuma. Chini ya kidole gumba cha mguu wake wa kushoto walikuwa funza wawili.

Siku ya kuchaguliwa, Mwalimu Jerusa alitazama kucha za miguu ya kila mmoja kutoka juu na kuuliza, "Una funza?"

"Sina, Mwalimu," Elmina alijibu bila kupepesa macho. Akapokelewa.

Uongo ukishaingia ndani huomba na kiti. Elmina hakuweza kumwambia mama yake, kwa kuwa mama angemkimbilia Mwalimu Jerusa kuomba dawa. Kidole kikavimba. Alianza kutembea kwa kisigino.

"Wewe Elmina, mbona unachechemea?" aliuliza Mellen, rafiki yake wa idara.

"Nimejikwaa tu."

Ijumaa wanafunzi wa Uuguzi walipelekwa kukagua darasa la wadogo. Walibeba karai la maji, sabuni na sindano zilizochemshwa. Lakini wadogo wale walikuwa wamelisikia lile sharti na kulielewa kwa namna yao: mwenye funza ni mtu wa kufukuzwa. Wote walikalia miguu yao.

"Nani ana funza?" Mellen aliuliza.

Mtoto mmoja aitwaye Ogari aliinuka ili asogee nyuma, akachechemea.

"Ogari, mguu una nini?" Elmina alimuuliza.

"Nimejikwaa tu," akasema Ogari.

Elmina alisikia maneno yake mwenyewe, akaona aibu. Mwalimu Jerusa alikuwa amesimama mlangoni. Akisema sasa, nafasi yake katika idara imekwenda. Akinyamaza, Ogari atarudi nyumbani na kidole chake kinachooza. Aliketi chini mbele ya Ogari na kuugeuza mguu wake.

"Tazama," alisema. "Mimi pia ninao. Nimewaficha, na usiku nalia kwa maumivu."

Ogari aliinama, akatazama vizuri. Halafu akautoa mguu wake. Mwingine akautoa wake, na mwingine, mpaka karai likawa halitoshi.

"Mwalimu, nilikudanganya," Elmina alisema, machozi yakimlengalenga. "Nitahamia Ushonaji."

Mwalimu Jerusa alitoka mlangoni na kumsogelea. Alichukua sindano, akapiga magoti, akamtoa funza wa kwanza, kisha wa pili, akapaka dawa. Elmina aliuma meno.

"Umenidanganya, na hilo lina adhabu," Mwalimu alisema hatimaye. "Utateka maji ya idara mpaka muhula uishe. Lakini huhami."

"Na sharti, Mwalimu?" Mellen aliuliza.

"Sharti lilikuwa kosa langu. Nilitaka miguu safi, nikapata miguu iliyofichwa." Aliwageukia watoto wote. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kuwa na funza si aibu, wanangu. Anayesema mapema hutibiwa mapema, na anayesema kweli humfungulia mwenzake mlango."

Jumatatu Elmina alifika kisimani na ndoo yake, akitembea kwa unyayo mzima. Ogari alikuwa amemtangulia, na nyuma yake walisimama watoto watatu wa kambi ambao hawakuwa hata wanafunzi. Walikuwa wamekwisha kunawa miguu, wakisubiri kukaguliwa.