Kivuli Siku ya Mawingu

Haya alinisimulia rafiki yangu mpiga picha, na Mungu anisamehe nikiongeza neno. Chumba chake chenye dirisha kubwa alikipata kwa kumsingizia mwenzake wizi mbele ya mwenye nyumba. Yule mwenzake akawa anapiga picha barabarani, mvua ikimnyeshea, mpaka akaugua kifua na kufa akikohoa.

Juzi alikuja bibi harusi. Mawingu yalikuwa mazito, nuru laini anayoipenda, maana siku kama hiyo kivuli hakionekani. Mvua ikagonga bati, chumba kikaingia giza.

“Kaka, mbona unatetemeka? Anayeolewa ni mimi.”

“Tulia, dada. Tazama dirishani.”

Akapiga. Nje ya dirisha, ghorofa ya tatu, mtu akakohoa.

Kwenye picha, ukutani nyuma ya bibi harusi, palikuwa na kivuli cheusi cha mwanamume.

“Taa zako hizo,” akacheka bibi harusi, na taa hazikuwashwa. “Hebu nikupige wewe.” Akampiga picha kwa simu yake, akamwonyesha.

Pichani, ukuta ulikuwa mweupe, hauna kivuli. Kivuli cha mkono kilikuwa kimetanda kifuani mwa mpiga picha, vidole vyote vinahesabika. Kikohozi kile kile kikasikika tena, safari hii kinywani mwake mwenyewe.