Shanga za Kobelo

Maji yaliingia chini ya mnara yakiwa mekundu kama ya machinjioni, yakatokea juu yakiwa maangavu, na mtu akayanywa mbele za watu. Jiji zima la Ngerengere Mpya likapiga vigelegele. Kwa miaka mingi viwanda vya khanga vilikuwa vikimwaga rangi mtoni, na sasa kijana mmoja, Nasibu Kobelo, alikuwa akizimaliza ndani ya mnara wa kioo.

Alitumia shanga zenye kimeng'enya ndani. Kimeng'enya ni protini, na hiki cha Kobelo kilitoka kwenye uyoga. Kazi yake ni kuikata rangi vipande vipande. Lakini ukikimwaga majini hivi hivi, mkondo unakibeba na kesho huna kitu. Kobelo alivifunga vimeng'enya ndani ya shanga za utomvu wa mwani, zilizogandishwa kwa kalsiamu, ile ile iliyomo kwenye chokaa. Rangi ikipenya ndani ya shanga inakatwa, maji yanapita, kimeng'enya kinabaki kazini. Roboti-zamu walipanda na kushuka mnarani wakizikoroga zisigandamane.

Dakta Hidaya Mlali alipiga makofi pamoja na wengine, lakini kwa shingo upande. Mabwawa ya bakteria yaliyokuwa yakipunguza rangi hizo kabla ya mnara aliyachimba yeye. Kobelo mwenyewe alifundishwa na yeye, tangu hajui hata kuosha chupa za maabara. Sasa wageni walipita mabwawani kwake wameziba pua, wakiwahi kuupiga picha mnara. Alimwonea kijicho, tusifichane. Wivu hauangalii shahada. Hata chai ya kazini aliiacha ipoe kila Kobelo aliposifiwa, na alikuwa akisifiwa kutwa.

Kilichomuuma zaidi ni adabu ya kijana yule. Afadhali angeringa, Hidaya apate sababu ya kumchukia. Lakini hakuanza jambo lolote kubwa bila kwenda kwanza kwa mwalimu wake kuomba baraka, kama walivyozoeshana watu wa maabara ile.

Masika yalipokwisha, shanga ziliota ukoko mweupe na maji yakaanza kupita kwa shida. Kobelo akamfuata Hidaya mabwawani, akampa shikamoo, akamweleza kwamba anafikiria kuziosha kwa asidi ya ndimu, ile ambayo watu huondolea ukoko kwenye birika.

"Unaonaje, mwalimu?"

Hidaya aliona vizuri sana. Asidi ya ndimu haichagui: ingeondoa ukoko, kisha ingenyonya na kalsiamu inayozishika shanga, na zote zingeyeyuka. Neno lilimfika ulimini. Akawakumbuka wale wapiga picha.

"Fanya tu, mwanangu," alisema. "Sioni tatizo."

Kesho yake shanga zilikuwa uji. Vimeng'enya vilikwenda na maji, na rangi za viwanda vyote zikapita moja kwa moja mtoni. Wakulima wa bondeni waling'oa mchicha uliogeuka zambarau wakautupa. Watoto waliooga mtoni wakatokwa na vipele mwili mzima.

Haya, alichokitaka Hidaya alikipata. Mnara ukafungwa, usimamizi wote wa kusafisha maji ukarudishwa kwake. Kwenye kikao cha uchunguzi Kobelo alijitwika lawama peke yake. Alisema wazo la shanga ni bovu tangu mwanzo, na yeye anaacha kazi.

Hidaya alimkuta akifungasha vitu. Angenyamaza, ushindi ungekuwa wake mpaka kaburini. Lakini alikuwa ametoka kuwaona wale watoto, na roho ilimsuta.

"Wazo lako si bovu, Nasibu. Ni ndimu. Inanyonya kalsiamu. Nilijua siku ile uliponiuliza."

Kobelo aliweka chini koti alilokuwa akilikunja. Hakupandisha sauti.

"Hata mimi nilikuwa na wasiwasi huo huo, mwalimu. Ndiyo maana nilikuja kukuuliza. Uliposema huoni tatizo, nikajiona mjinga."

Hidaya akakiri mbele ya kikao, akaondolewa usimamizi. Mnara ulijazwa shanga mpya na mto ukasafika. Wakikutana, Kobelo bado humpa shikamoo, kwa adabu ile ile. Ila hajamwuliza tena kitu chochote.